Kinachogharimu Kuigwa

Ukikaa kwenye jopo la usaili kwa muda, kuna sentensi utazikariri bila kutaka. "Mimi ni mchapakazi, mwaminifu na mwepesi wa kujifunza." "Ninaweza kufanya kazi chini ya shinikizo bila kusimamiwa." "Ninajituma na ninapenda ushirikiano." Nimezisoma mpaka hazinigusi tena, na hilo huniuma, kwa sababu najua wengi walioziandika ni wachapakazi kweli na ni waaminifu kweli. Hawakudanganya. Ila mvivu naye ameandika hivyo hivyo, pengine kwa lugha tamu zaidi, na mimi niliyeshika karatasi zao mbili sina pa kuwatofautishia.

Watu wengi wanaotafuta kazi, na wengi wanaofungua biashara, huanza kwa kujiuliza wana nini kizuri. Swali hilo lina mahali pake, lakini mimi naanza na jingine: hicho ulicho nacho, mwenzako akitaka kukiiga, kitamgharimu nini? Kama hakimgharimu kitu, kesho atakuwa nacho, na keshokutwa mtakuwa mmesimama pale pale mlipoanzia, isipokuwa sasa nyote mmechoka.

Tumelelewa na methali isemayo kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Natamani soko lingekuwa hivyo. Mwaka 1970 mwanauchumi wa Marekani, George Akerlof, alieleza kwa mfano wa magari yaliyokwisha kutumika kwa nini mara nyingi haliko hivyo. Muuzaji anajua gari lake ni zima au bovu, mnunuzi hajui. Kwa kuwa hajui, mnunuzi anatoa bei ya katikati, ya kubahatisha. Mwenye gari zima anaiona bei hiyo, anahisi anapunjwa, analirudisha nyumbani. Yanayobaki sokoni ni mabovu zaidi, wanunuzi wanashtuka, wanashusha bei tena, na wenye magari yenye nafuu nao wanaondoka. Mahali ambapo uzuri hauonekani kwa macho, kizuri hakijiuzi. Kinaondoka sokoni.

Miaka mitatu baadaye, 1973, mwanauchumi mwingine, Michael Spence, aliligeuzia swali lile kwenye ajira. Mwajiri hamjui mwombaji. Atamjuaje kabla ya kumwajiri? Jibu lake lilikuwa kwamba cheti kinaweza kumsaidia mwajiri hata kama masomo yenyewe hayakumwongezea mwombaji ujuzi wowote wa kazi, ilimradi kukipata kuwe kugumu zaidi kwa asiye na uwezo kuliko kwa aliye nao. Asiye na uwezo atapima taabu yake, ataona haimlipi, ataachana nacho. Kwa hiyo nguvu ya cheti iko kwenye tofauti ya taabu waliyoipata watu wawili kukifikia, wala si kwenye muhuri. Mwaka 2001 Akerlof na Spence, pamoja na Joseph Stiglitz, walipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi kwa kazi hizi za masoko ambamo upande mmoja unajua zaidi ya mwingine.

Nimelishikilia wazo la Spence kwa sababu linaeleza mambo yanayowavunja vijana moyo kila siku. Linaeleza kwa nini cheti cha mafunzo ya saa mbili mtandaoni, ambacho kila aliyefungua ukurasa hukipata, hakimshtui mtu. Linaeleza kwa nini shahada iliyokuwa ikifungua milango siku ambazo wenye shahada walikuwa wachache, leo inakufikisha tu kwenye foleni. Haijaharibika, wengi wameifikia, basi haitofautishi tena. Na jibu ambalo wengi hukimbilia, kuongeza cheti kingine juu ya hicho, linasogeza mashindano mbele na kuwaacha washindani walewale pembeni yako, safari hii wakiwa na madeni ya ada.

Linaeleza pia kilichoipata barua ya maombi. Zamani barua iliyoandikwa vizuri ilikuwa na uzito kwa sababu ilimla mtu muda. Ilibidi asome tangazo kwa makini, aulizie kampuni inafanya nini, atafute maneno yake mwenyewe. Tangu ChatGPT ilipotolewa Novemba 2022, na nyingine za aina yake zikafuata, programu za akili mnemba zinatoa barua ya namna hiyo kabla hujamaliza kunywa maji. Simlaumu anayezitumia. Kwa mtu mwenye uwezo mkubwa ambaye lugha ya tangazo si lugha yake, ni msaada wa haki kabisa, na nafurahi kwamba upo. Lakini barua nzuri haigharimu tena, kwa hiyo haisemi tena kitu juu ya aliyeituma, na anayeipokea analijua hilo. Anayetumia jioni nzima kuing'arisha sasa anatumia nguvu zake mahali ambapo hazionekani.

Zionekane wapi? Nitasimulia usaili mmoja, maana niliyoyaona siku ile yamenifundisha kuliko makala nyingi nilizosoma.

Nafasi ilikuwa ya mtunza stoo. Waombaji wote tuliowaita walikuwa na vyeti vinavyotakiwa, na wote walisema wako makini na hesabu. Dada mmoja alipoulizwa swali lile lile la umakini, alitoa karatasi moja kwenye bahasha akaisukuma kwetu. Ilikuwa hesabu ya stoo aliyowahi kuisimamia, majina ya kampuni na wateja akiwa ameyafuta. Safu ya kwanza ilionyesha idadi iliyoandikwa kwenye leja, ya pili idadi iliyokutwa rafuni, ya tatu tofauti, na ya nne maelezo mafupi kwa mkono wake. Betri, pungufu makasha matatu: yalitolewa Ijumaa kwa karatasi ya muda, hayakuingizwa kwenye leja. Nyaya, zimezidi roli moja: ilirudishwa na fundi, haikupokelewa rasmi. Yakaendelea hivyo hadi mstari wa mwisho, ambao kwenye safu ya maelezo ulikuwa na maneno matatu tu: sababu haijapatikana bado.

Mzee aliyekuwa mwenyekiti wa jopo akaweka kidole hapo. "Binti, huu mbona umeuacha?"

"Sikuipata sababu yake, mzee. Ningeandika ya kubuni karatasi ingekaa sawa, ila mzigo ungekuwa bado haupo."

Hakukuwa na haja ya kumuuliza tena kama ni mwaminifu. Fikiria sasa mtu asiyeijua kazi ya stoo anayetaka kuighushi karatasi ile. Angelazimika kujua kwamba mzigo hutoka kwa karatasi za muda, kwamba mafundi hurudisha vitu kienyeji, kwamba hesabu halisi haikosi mstari mmoja unaogoma. Akishayajua yote hayo, ameshakuwa mtunza stoo. Kuiga kunamgharimu kiasi kile kile ambacho ujuzi wenyewe ungemgharimu, na hapo ndipo ushahidi unapokuwa na nguvu.

Watafiti wa uajiri wamelipima jambo hili kwa muda mrefu. Mwaka 1998 Frank Schmidt na John Hunter walichapisha majumuisho ya utafiti wa miaka 85 kuhusu mbinu za kuchagua wafanyakazi. Kumpa mwombaji kipande cha kazi yenyewe akifanye kulikuwa miongoni mwa njia zilizotabiri vizuri zaidi nani atafanya kazi vyema, ilhali idadi ya miaka ya uzoefu ilitabiri kidogo. Mwaka 2022 Paul Sackett na wenzake waliyapitia upya mahesabu hayo, wakashusha makadirio mengi, na safari hii kilichotokea juu ni usaili wenye mpangilio, ambamo kila mwombaji huulizwa maswali yale yale na kupimwa kwa vigezo vile vile. Miaka ya uzoefu ikabaki chini. Kwa hiyo ukiandika "uzoefu wa miaka kumi" ukadhani umemaliza, umetaja muda uliopita. Hujaonyesha ulichokifanya ndani yake.

Sasa biashara, maana kule sheria ni hii hii, tofauti ni kwamba mwigaji ana mtaji.

Shirika la ndege la Southwest la Marekani lilianza safari Juni 1971 likiunganisha miji mitatu ya Texas: Dallas, Houston na San Antonio. Mwaka uliofuata fedha ziliwabana wakauza ndege moja kati ya nne walizokuwa nazo. Njia rahisi ilikuwa kupunguza safari. Wao wakaamua kubaki na ratiba ya ndege nne kwa kutumia ndege tatu, na hesabu ikawaonyesha kwamba hilo litawezekana kama kila ndege itashusha abiria, ipakie wengine na kuondoka mlangoni ndani ya dakika 10 hivi. Ndege ikiwa chini haiingizi hata senti. Ikiwa hewani inaingiza. Ukipunguza dakika za chini, umepata ndege ya nne bila kuinunua.

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Dakika 10 hazikutokana na wahudumu kukimbia tu. Kwa miongo mingi Southwest haikupanga viti: abiria aliingia akakaa palipo wazi, kwa hiyo hakukuwa na mtu wa kutafuta 14C huku wengine wamesimama nyuma yake. Ilishikamana na ndege za aina moja, Boeing 737, hivyo rubani yeyote, fundi yeyote na kipuri chochote kiliingia kwenye ndege yoyote. Haikuwaandalia abiria milo ya kupakiwa na kupakuliwa. Haikuhamishia mizigo ya abiria kwenye mashirika mengine, basi haikungoja ndege ya mtu aliyechelewa. Kila kimoja kati ya hivyo, ukikitazama peke yake, ni huduma aliyonyimwa mteja. Vikiwa pamoja ndivyo vilivyomletea nauli nafuu na ndege inayoondoka kwa wakati.

Washindani waliona. Mwaka 1993 shirika kubwa la Continental lilianzisha huduma iliyoitwa Continental Lite, ikiwa na nauli za chini, safari nyingi fupi, bila milo wala daraja la kwanza. Kwenye njia zake nyingine, hata hivyo, Continental iliendelea kuwa shirika la huduma kamili. Ilibaki na mawakala wake, ndege za aina mbalimbali, upangaji wa viti na uhamishaji wa mizigo. Ndege zilichelewa, gharama hazikushuka vya kutosha, na mwaka 1995 huduma ile ikafungwa. Michael Porter wa Harvard, aliyeandika juu ya mfano huu mwaka 1996, alisisitiza kwamba mkakati ni kuchagua nini hutafanya. Mshika mbili moja humponyoka, na hapa aliyeshika mbili alikuwa kampuni yenye fedha, ndege na wataalamu wa kila aina. Kuiga nauli kulikuwa rahisi. Kuiga yale yaliyoachwa kungeilazimu iache kuwa yenyewe.

Nauona ubishi utakaoletwa hapa, na ni wa haki: mimi si shirika la ndege. Nina biashara ndogo, au nina taaluma ya kawaida, na kila ninachokifanya yupo anayenizidi. Hapo namkumbuka David Ricardo, mwanauchumi wa Uingereza, ambaye kwa maoni yangu hufundishwa kama historia ya biashara ya kimataifa wakati ana maneno mazito ya kumwambia mtu aliyekata tamaa.

Mwaka 1817 Ricardo alitoa mfano wa nchi mbili. Uingereza inahitaji kazi ya watu 100 kwa mwaka kutengeneza kiasi fulani cha nguo, na watu 120 kupata kiasi fulani cha mvinyo. Ureno nguo zile zile inazitengeneza kwa watu 90, na mvinyo ule ule kwa watu 80. Ureno inamshinda mwenzake kwa vyote viwili. Mtu wa haraka atasema Uingereza haina la kuuza. Lakini Ureno ikitoa watu kwenye mvinyo kuwapeleka kwenye nguo, inawatoa mahali wanapofanya vizuri zaidi. Inapata faida ikikaa kwenye mvinyo na kununua nguo kutoka Uingereza, ijapokuwa ingeweza kuzishona yenyewe kwa watu wachache zaidi. Uingereza nayo inapata faida, kwa sababu kwenye nguo imezidiwa kidogo kuliko ilivyozidiwa kwenye mvinyo.

Huhitaji kumshinda kila mtu, basi. Mwanasheria hodari anayechapa haraka kuliko karani wake bado anamhitaji karani, kwa kuwa kila saa anayotumia kuchapa ni saa iliyotoka kwenye sheria. Nafasi yako inaweza kuwa kazi ambayo wenye uwezo mkubwa kuliko wewe hawana muda nayo. Wala si nafasi ya aibu. Namjua mtu aliyejenga biashara nzuri kwa kuwaandalia wahandisi ripoti zao. Wahandisi wale wanaijua kazi kuliko yeye, wengine wanaandika vizuri kuliko yeye, ila ripoti zilikuwa zikiwala wiki ambazo wangekuwa kwenye miradi. Leo anaijua miundo ya ripoti zao, vifupisho vyao na wasimamizi wanaozisoma, na mtu mpya akitaka kumpokonya kazi hiyo atakuwa na mengi ya kujifunza kwanza.

Lipo na suala la habari: nani anakwambia kazi ipo. Mwaka ule ule wa 1973, mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, alichapisha utafiti uliohusisha watu wa Newton, Massachusetts, waliokuwa wamebadili kazi. Kati ya waliopata kazi kupitia mtu, asilimia 16.7 tu walisema walikuwa wakionana na mtu huyo mara kwa mara, asilimia 55.6 walionana naye kwa nadra kiasi, na asilimia 27.8 mara moja kwa mwaka au pungufu. Marafiki wa karibu wanajua unayoyajua. Mtu mliyefanya naye kazi zamani, mkaachana kwa wema, anaishi kati ya watu usiowafahamu. Utafiti mkubwa uliochapishwa 2022, uliofuatilia zaidi ya watumiaji milioni 20 wa LinkedIn, mtandao wa watu wa kazi na taaluma, ulipata kwamba waliosaidia zaidi kuhama kazi ni wale wa ukaribu wa wastani: si ndugu wa damu, wala si jina usilolikumbuka. Ushauri wa kukusanya kadi za watu mikutanoni sijawahi kuuona ukizaa. Wa kumwandikia mwenzako wa zamani umuulize kazi inaendeleaje, bila kuomba kitu, nimeuona.

Siwezi kuliacha lingine bila kulisema, kwa sababu mashauri ya aina hii hugeuka haraka kuwa lawama kwa asiye na kazi. Soko si la haki. Marianne Bertrand na Sendhil Mullainathan walituma wasifu karibu 5,000 kujibu matangazo zaidi ya 1,300 ya kazi huko Boston na Chicago, wakiupa majina kwa bahati nasibu. Katika matokeo waliyoyachapisha 2004, wasifu wenye majina yanayosikika kama ya Wazungu ulipigiwa simu kwa asilimia 50 zaidi kuliko ule wenye majina yanayosikika kama ya Wamarekani Weusi. Mwenye jina la pili angeng'arisha nini kwenye karatasi yake? Kuna wengine wanaopita kwa mlango wa nyuma, kwa rushwa au kwa kiti kilichowekwa akiba kabla tangazo halijatoka. Anayekwambia kwamba umekosa kazi kwa sababu hukujituma, hajui anachokisema. Usaili wenye mpangilio, maswali yale yale kwa wote, kazi ya majaribio isiyoandikwa jina: hayo ni mambo ambayo sisi tunaoajiri tunaweza kuyafanya Jumatatu ijayo, na tusipoyafanya kosa ni letu.

Mwisho kuna siku ambapo kilichokuwa kigumu kuigwa kinaacha kutakiwa. Kwa watengenezaji wa filamu za kamera mambo yalikuwa hivyo. Kutengeneza filamu ya rangi ni kemia ngumu sana, na duniani kampuni zilizoiweza zilihesabika kwa vidole; kisha baada ya 2000 mauzo ya filamu yakaporomoka kwa ujio wa kamera za dijitali. Fujifilm ya Japani ilijiuliza inajua nini hasa. Filamu ina jelatini nyingi, na jelatini hutokana na kolajeni, ambayo pia imo kwenye ngozi ya binadamu. Walijua kuzuia picha isififie kwa kudhibiti kemikali zinazoiharibu rangi, na walijua kupanga chembe ndogo mno katika tabaka nyembamba. Mwaka 2007 walileta vipodozi vya ngozi vya Astalift, mbali na kazi nyingine za tiba na vifaa vya skrini walizozikuza kutokana na ujuzi huo huo.

Nawafikiria watunza hesabu ninaowafahamu, ambao programu sasa zinawaingizia miamala wenyewe wakitazama. Wana hofu, na hofu yao ina sababu. Ila miongoni mwao yuko anayeweza kuitazama orodha ya wadaiwa akakwambia yupi atachelewa kulipa mwezi ujao, kwa sababu ameshaona namna anavyoanza kugawa malipo vipande vipande. Yuko anayejua ankara ipi haijakaa sawa kabla hajafungua kiambatisho. Ujuzi huo haumo kwenye jina la cheo chake, wala hajawahi kuuandika popote, na mwajiri wake hana habari nao. Ningemwomba auandike wiki hii: mdaiwa mmoja, tarehe, alichokiona, alichotabiri na kilichotokea. Kurasa mbili zinatosha kwa kuanzia.